Kikohozi kisichokwisha: lini ungoje, lini uende kwa daktari

Watu wengi hukipima kikohozi kwa masikio. Kikitikisa kifua na kuamsha nyumba nzima, wanaogopa. Kikiwa kidogo, kikavu, cha mara mbili tatu asubuhi, wanakizoea hadi wanasahau kwamba kipo. Masikio hudanganya. Kikohozi kizito cha baada ya mafua mara nyingi huondoka chenyewe, ilhali kile cha chinichini ndicho kinachoweza kuwa kifua kikuu, pumu, au dawa ya presha unayomeza kila siku. Yanayoamua ni mambo matatu: kimekaa siku ngapi, kimefuatana na nini, na kifua chenyewe ni cha nani. Hatua zinazofuata zinayachukua moja moja, ila kwanza kuna dalili ambazo hazingoji hesabu yoyote.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Hata kama kikohozi kimeanza jana tu, nenda hospitali sasa hivi, iwe usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

- mgonjwa hawezi kumaliza sentensi fupi bila kutua kuvuta pumzi;
- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au wa kijivu (kwa mtu mweusi tazama ndani ya mdomo na chini ya kucha, ngozi ya uso haitakuonyesha);
- amechanganyikiwa, au anasinzia isivyo kawaida na ni vigumu kumwamsha;
- maumivu makali ya kifua yamemjia ghafla, hasa kama mguu mmoja umevimba, kwa kuwa damu iliyoganda mguuni inaweza kukatika na kwenda kuziba mishipa ya mapafu;
- anakohoa damu inayofika kijiko cha chai au zaidi, mabonge ya damu, au povu la rangi ya waridi;
- amepaliwa na kitu, na tangu hapo anahangaika kupumua.

Michirizi michache ya damu kwenye makohozi si jambo la kukurupushana usiku wa manane, lakini ionwe na daktari ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya hapo kagua fizi na pua. Damu ya puani hushuka kooni mtu akiwa amelala, ikatemwa asubuhi, na ukipenga kamasi kwa kawaida utaikuta humo pia. Damu ya mapafuni huwa nyekundu angavu, mara nyingi ina mapovu. Ya tumboni hutapikwa, na huweza kuwa nyeusi kama machicha ya kahawa. Ukishindwa kutofautisha, ichukulie kuwa ya mapafuni.

Kwa mtoto, kipimo kizuri kuliko vyote ni kuhesabu pumzi, na hakihitaji kifaa zaidi ya saa yenye sekunde. Mngoje atulie: asiwe analia, asiwe ananyonya, asiwe ametoka kukimbia. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Pandisha nguo uone kifua na tumbo, kisha hesabu kila kifua kinapoinuka, kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Watoto wadogo hupumua kwa mikupuo, wanaharakisha, wanatua kidogo, wanaharakisha tena, na robo dakika inaweza kuangukia kwenye mkupuo ikakutia hofu ya bure, au kwenye mtuo ikakuficha ugonjwa. Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifika pumzi 60 kwa dakika. Ukipata 60 au zaidi hesabu mara ya pili uhakikishe. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Mtoto mwenye kikohozi aliyefika namba hizo huenda ana nimonia na anatakiwa aonwe siku hiyohiyo.

Ukiwa bado umepandisha nguo, tazama pale mbavu zinapoishia. Mtoto mwenye afya akivuta pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta, hiyo ni kazi nzito ya kupumua, na hapo hesabu haina maana tena: nenda. Vivyo hivyo akitoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi hali ametulia, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea. Na kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye kikohozi hahitaji dalili ya ziada zaidi ya joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5. Wazazi wengi huogopa joto kupanda tu, kumbe kwa kichanga kupoa ni hatari ileile.

Kwa mtu mzima, pumzi za kawaida akiwa amekaa ni 12 hadi 20 kwa dakika. Zikizidi 24 aonwe leo, zikifika 30 ni dharura. Usimwambie kwamba unahesabu, maana akijua ataanza kupumua kwa makusudi. Mshike kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo ya moyo, macho yako yawe kifuani.

Kama kuna kipima oksijeni cha kidoleni, asilimia 95 kwenda juu ni sawa, na chini ya 90 ni dharura. Katikati ya hapo, kama si hali yake ya siku zote, aonwe leo. Kidole kiwe na joto, kucha isiwe na rangi, mkono utulie, na ungoje namba itulie kabla ya kuisoma. Kifaa hiki kina kasoro moja isiyosemwa sana: kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi. Kwa hiyo mtu anayehema huku kifaa kinasoma 95 usimwache nyumbani eti namba ni nzuri.

Hatua ya 2: Weka tarehe

Ukiulizwa kikohozi kimeanza lini, jibu la kwanza huwa «siku kadhaa» au «muda kidogo». Majibu hayo hayamsaidii yeyote. Kifunge kikohozi na tukio: kilianza kabla au baada ya safari, ya mtihani, ya kupokea mshahara? Ukishapata tarehe, iandike, hata ikiwa ya kukadiria.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa pande zote mbili. Mafua yenyewe huisha ndani ya wiki moja hivi, na watu hutarajia kikohozi kiende nayo. Ukweli ni kwamba kikohozi cha baada ya mafua hukaa kwa wastani wa siku 18. Utando wa mirija ya hewa umechubuka, nao huchukua muda kupona. Kwa kipindi hicho hewa baridi, kicheko au harufu kali inatosha kukuamsha kifua. Kwa hiyo siku ya kumi ukiwa bado unakohoa, huna homa, unakula, unalala na kila siku kuna nafuu kidogo, hujapitwa na kitu.

Madaktari hugawa kikohozi cha mtu mzima hivi: chini ya wiki 3 ni cha muda mfupi, kati ya wiki 3 na 8 ni cha katikati, kikipita wiki 8 ni sugu. Kwa mtoto huitwa sugu kikipita wiki 4. Lakini ipo namba nyingine unayoisikia kwenye matangazo ya afya: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kapime kifua kikuu. Namba hizi hazipingani. Mgawanyo wa wiki 3 na 8 unamsaidia daktari kukisia chanzo. Wiki 2 ni wavu, umewekwa chini makusudi ili wenye TB wasipite, na wengi watakaonaswa watakuwa hawana. Popote TB ilipo ya kawaida, fuata wavu huo.

Mbali na urefu, tazama mwelekeo. Linganisha wiki hii na iliyopita, usilinganishe leo na jana. Kinachopona hupungua: kwanza usiku unakuwa mtulivu, kisha mchana, kinabaki cha asubuhi tu. Mwelekeo unaotakiwa kukushtua ni wa kupata nafuu kisha kurudi nyuma. Umeanza kupona mafua, umerudi kazini, halafu ghafla homa mpya, baridi ya kutetemeka na kichomi ubavuni. Huo mara nyingi ni mwanzo wa nimonia iliyoingia kwenye mapafu yaliyokwisha kudhoofishwa na virusi, na hauingojei wiki ya pili.

Kuna mitego miwili ya kuhesabu. Wa kwanza ni mtoto anayeshika mafua baada ya mafua. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida. Kama kati ya mafua na mafua alikaa siku kadhaa bila kukohoa kabisa, anza hesabu upya. Kama hakupata siku hata moja safi, hesabu kutoka mwanzo wa kwanza. Wa pili ni mvutaji sigara, ambaye kikohozi chake hakina mwanzo. Huyu asitafute tarehe ya kuanza, atafute tarehe ya kubadilika: lini kilizidi, lini makohozi yalibadilika, lini alianza kutua kwenye ngazi alizokuwa akizipanda bila kufikiri.

Hatua ya 3: Kinatembea na nani?

Kikohozi peke yake husema machache. Wenzake ndio wanaokichongea.

Homa, jasho la usiku na kukonda ni watatu wanaokwenda na kifua kikuu, ingawa si lazima waje wote. Homa ya TB mara nyingi si kali. Hupanda jioni, asubuhi haipo, ndiyo maana mtu huapa kwamba hana homa. Ipime kwa kipimajoto asubuhi na jioni kwa siku 3 mfululizo, uandike. Jasho linalohesabiwa si lile la chumba chenye joto: ni lile la kulowesha nguo na shuka hadi ubadilishe. Kukonda pia kupimwe. Kupoteza asilimia 5 ya uzito bila kukusudia ndani ya miezi 6 hadi 12 kunatosha kukupeleka kwa daktari. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu. Kama hakuna mizani, mkanda ulioingia tundu moja au mawili zaidi ni ushahidi mzuri kuliko maoni ya majirani. Kwa mtoto, usingoje akonde. Mtoto ambaye uzito wake umesimama palepale kwenye kadi ya kliniki wakati anakohoa ana dalili kamili.

Makohozi yamezungukwa na imani nyingi, na kubwa kuliko zote ni kwamba yakiwa ya njano au kijani ni bakteria, kwa hiyo antibiotiki. Rangi ile hutoka kwenye kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, nazo hukusanyika kupigana na virusi vilevile kama zinavyopigana na bakteria. Mafua ya kawaida hutoa makohozi ya kijani kibichi kabisa. Cha kuangalia ni kiasi na harufu. Makohozi yanayofika nusu kikombe au kikombe kwa siku, kila siku, kwa miezi, huashiria mirija ya hewa iliyopanuka na kuharibika. Makohozi yenye harufu ya kuoza pamoja na homa huweza kuwa jipu la pafu. Yote mawili ni ya daktari.

Saa ya kukohoa nayo ina maneno yake. Kikohozi kinachokuamsha usiku wa manane au alfajiri, kinachokuja ukikimbia, ukicheka au ukiingia penye baridi au vumbi, na kifua kinabana au kutoa mlio kama filimbi, kinafanana na pumu. Pumu nyingine haina filimbi kabisa, ni kikohozi tu, na watu huihangaikia miaka kwa dawa za maji. Kikija baada ya kula au ukilala chali, pamoja na kiungulia au ladha chungu mdomoni, huenda ni tindikali ya tumbo inayopanda. Wengine hawahisi kiungulia, wana sauti ya kukwaruza tu kila asubuhi. Ukihisi kitu kinatiririka nyuma ya koo na kutwa nzima unakwaruza koo, chanzo kiko puani. Ukilazimika kuongeza mito ili upate pumzi, na jioni miguu imevimba ukibonyeza inabaki shimo, usiangalie mapafu tu. Huenda ni moyo unaoshindwa kusukuma damu.

Kifaduro kina sura yake. Huanza kama mafua kwa wiki moja au mbili, kisha kinakuja kwa mikupuo: kukohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, uso unaiva, halafu mvuto mrefu wenye sauti, na mara nyingi kutapika. Mtu mzima aliyechanjwa utotoni huweza kukipata bila ile sauti, akabaki na mikupuo na kutapika tu. Kwake ni kero ya miezi. Kwa kichanga ni hatari ya kufa, na kichanga huenda asikohoe hata kidogo: anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, anakuwa wa bluu. Kama nyumbani kuna kichanga, mkohoaji wa namna hii aende mapema, asingoje wiki yoyote.

Hatua ya 4: Kifua chenyewe ni cha nani

Wapo ambao kwao hesabu ya siku haifanyi kazi. Anayeishi na VVU akikohoa, siku yoyote, apimwe TB; ile kanuni ya wiki 2 haimhusu. Aliyeishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, vivyo hivyo. Mwenye selimundu akikohoa na ana homa au maumivu ya kifua aende saa hiyohiyo, kwa sababu mapafu yake yanaweza kuharibika ndani ya saa chache. Wajawazito, wazee, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa moyo, wanaotibiwa saratani na wanaomeza vidonge vya steroidi kwa muda mrefu wakate muda wa kungoja kwa nusu, hasa kama kuna homa.

Mvutaji sigara, au aliyevuta kwa miaka mingi kisha akaacha, mwenye miaka 40 na zaidi, akipata kikohozi kipya au kilichobadilika kwa wiki 3 apigwe picha ya kifua. Aliyeacha karibuni asishtuke akikohoa zaidi kwa wiki za mwanzo, maana vinyweleo vinavyofagia mirija vimeanza kazi tena. Lakini ikipita miezi miwili bado hali ni ileile, asijifariji kwa maelezo hayo. Waliofanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la mawe, migodini au kwenye kukata saruji, na wanaopika kwa kuni kwenye chumba kisicho na tundu la moshi, waseme hivyo kwa daktari hata kama hawajaulizwa.

Kisha fungua kisanduku cha dawa. Dawa za presha na moyo ambazo majina yake huishia na «-pril», kama captopril, enalapril na lisinopril, huwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu cha kuwasha kooni. Kinaweza kuanza siku chache baada ya dawa au miezi kadhaa baadaye, ndiyo maana watu hawaunganishi hayo mawili. Usiache dawa mwenyewe; presha isiyotibiwa itakuua kabla ya kikohozi. Mwambie daktari, naye kwa kawaida atakuhamishia kwenye jamii ya «-sartan». Kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, kwa wengine hadi miezi 3. Propranolol, dawa nyingine ya presha na moyo, nayo inaweza kuamsha pumu, na hata matone ya macho ya timolol.

Mtoto wa miaka 1 hadi 4 ana swali lake la pekee: je, kikohozi kilianza ghafla akiwa anakula au anacheza na vitu vidogo? Mtoto hupaliwa na karanga au kipande cha plastiki, anakohoa sana kwa dakika chache, kisha ananyamaza, kila mtu anashukuru. Kitu kimeshuka kwenye mrija wa pafu moja. Wiki zinazofuata anakohoa, anapata nimonia upande uleule, inatibiwa, inarudi. Karanga na plastiki hazionekani kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo picha safi haifuti kisa hicho. Msimulie daktari tukio lenyewe.

Hatua ya 5: Amua

Leo: dalili yoyote ya dharura ya hatua ya 1, homa iliyorudi baada ya nafuu, kichomi na homa, mtoto anayepumua haraka, mwenye selimundu mwenye homa au maumivu ya kifua.

Ndani ya siku moja au mbili: michirizi ya damu. Ndani ya siku mbili tatu: homa ya nyuzi 38 au zaidi iliyopita siku 3, jasho la usiku, kukonda, mwenye VVU, aliyekaa na mgonjwa wa TB, mikupuo ya kutapika, kisa cha kupaliwa.

Wiki hii: kikohozi kilichofika wiki 2 bila kupungua (penye TB ya kawaida, hata kama kinapungua), kilichofika wiki 3 hata kama kinapungua polepole, sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3, kikohozi cha dawa ya presha, na kile cha usiku kinachofanana na pumu.

Waliobaki wanaweza kungoja, ila wangoje kwa tarehe. Andika siku ambayo ikifika bado unakohoa utakwenda. Kungoja bila tarehe ndiko kunakogeuza wiki 2 kuwa miezi 4.

Hatua ya 6: Ukingoja, usikiharibu kipimo

Kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha usiku kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1. Chini ya mwaka 1 asipewe hata ya kulamba, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza kwenye utumbo wa kichanga. Kunywa maji ya kutosha, kaa mbali na moshi, inua kichwa unapolala. Kujifukiza huwaunguza watu, hasa watoto, zaidi ya kunavyowasaidia; kama ni lazima, kuoga maji ya moto na kuvuta mvuke wa bafuni kunatosha. Dawa za kikohozi za maji huwafariji wengi, zinatibu wachache. Zenye kodeini asipewe mtoto wa chini ya miaka 12: zinaweza kumsimamisha pumzi.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni antibiotiki zilizobaki kabatini. Kwa kikohozi cha virusi hazifupishi chochote. Mbaya zaidi, baadhi yake, hasa za jamii ya levofloxacin na ciprofloxacin, huwapunguza bakteria wa TB bila kuwamaliza. Unapata nafuu wiki mbili, kipimo cha makohozi kinaweza kutoka safi, ugonjwa unaendelea kimyakimya. Kama umeshazimeza, usifiche. Sema jina, lini, na siku ngapi.

Wakati huohuo fungua madirisha, kohoa kwenye kiwiko au kitambaa, na vaa barakoa unapokaa karibu na wazee au watoto.

Hatua ya 7: Nenda ukiwa na maneno tayari

Daktari ana dakika chache. Sentensi moja iliyopangwa inafaa kuliko historia ya nusu saa: «Nimekohoa tangu tarehe 3, kikavu, zaidi usiku, wiki hii kimezidi, jioni napata 37.8, nimepungua kilo 2, nameza enalapril tangu mwaka jana, sijawahi kuvuta sigara.» Beba dawa zako zote zenyewe, pamoja na za miti shamba na matone ya macho, na picha za zamani za kifua kama unazo, kwa sababu doa lililokuwepo miaka mitano iliyopita lina maana tofauti na doa jipya. Kwa mtoto, rekodi kwa simu mkupuo wa usiku ukionyesha kifua kikiwa wazi. Watoto wana tabia ya kutokohoa kabisa wakifika mbele ya daktari.

Ukipewa kikopo cha makohozi, ubora wa kipimo uko mikononi mwako. Sukutua mdomo kwa maji matupu. Toka nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, ishikilie sekunde chache, iachie, rudia, mara ya tatu kohoa kutoka chini ya kifua, uteme kikoponi bila kugusa ndani yake. Kinachotakiwa ni mililita 3 hadi 5, karibu kijiko cha chai, kizito, cha kunata. Maji mepesi yenye mapovu meupe ni mate, na mate hutoa majibu safi kwa mgonjwa. Ya asubuhi kabla ya kula chochote ndiyo bora, kwani yamekusanyika usiku kucha. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa chini ya saa 2 na husema pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Watoto wadogo humeza makohozi badala ya kuyatema. Kwao hutumika kinyesi au maji yanayovutwa tumboni.

Ukitoka na dawa ya maji na antibiotiki bila kipimo chochote, wakati umeshapita wiki 2, uliza kwa upole: je, tunapima makohozi au kupiga picha ya kifua? Na zisipofanya kazi nirudi lini? Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Makohozi yakitoka safi na bado unakohoa, unakonda au unatoka jasho, kipimo hakijafunga kesi. Rudi kirudiwe, picha ipigwe, na pumu ipimwe kwa kupuliza kwenye kifaa kabla na baada ya dawa ya kufungua kifua.

Ukianza matibabu ya nimonia, tarajia homa ishuke ndani ya siku 2 hadi 3. Isiposhuka, rudi, usingoje dozi iishe. Kikohozi chenyewe huweza kuburuta wiki kadhaa baada ya homa kuisha, na hilo si kushindwa kwa dawa. Aliyevuta sigara, au mwenye miaka 50 na zaidi, akishapona apige picha nyingine baada ya wiki 6, kwa kuwa nimonia inaweza kuwa imelifunika vimbe lililoziba mrija.